Chini ya Nyasi Kuna Amana



Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kuzungumza juu ya yaliyomo ndani ya nyumba: malezi ya watoto, jiko, matumizi ya fedha na masikilizano baina ya mume na mke. Leo tunatoka kwa mlango wa nyuma, tunaingia uani, na tunasimama mbele ya jambo ambalo familia nyingi za mijini zinakutana nalo: bwawa la kuogelea lisilotumika tena, na nia ya kulifukia ili mahali pake paote nyasi na miti.

Huenda msomaji akasema kuwa bwawa ni mambo ya wenye nazo, na kwamba suala hili haliwahusu walio wengi. Sivyo. Nyumba hubadilisha wenyewe. Nyumba iliyojengwa na mtu mwenye uwezo miaka 30 iliyopita kule Msasani, Mikocheni au Mbezi Beach, leo yawezekana imo mikononi mwa warithi wasio na uwezo ule, au imenunuliwa na familia iliyojinyima kwa miaka, au imepangishwa ikawa shule ya chekechea au madrasa. Pampu imeungua, vigae vimebanduka, maji yamekuwa ya kijani, na hakuna aliye tayari kununua dawa kila wiki. Kinachobaki ni shimo la zege katikati ya uwanja wanapocheza watoto.

Wala hatusemi kuwa bwawa ni jambo baya au la kigeni katika pwani yetu. Katika magofu ya Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, kasri la masultani lililojengwa katika karne ya 14, bado lipo bwawa la kuogea lenye pembe nane, limechongwa kwa ustadi na kuelekea baharini. Wazee wetu waliyajua mambo haya. Lakini bwawa ni mfano wa mnyama wa kufugwa: lataka mchungaji kila siku. Likikosa mchungaji, neema hugeuka hatari.

Hatari iliyo wazi

Hatari ya kwanza ni watoto. Wengi wetu hudhani kuwa mtoto anayezama hupiga kelele na kurusha maji, nasi tutamsikia tukiwa jikoni. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto mdogo huzama kimya, kwa dakika chache, na maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima yanatosha kumwua. Shirika la Afya Duniani limekuwa likihesabu kuzama majini miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto duniani. Na bwawa lililokaushwa si salama zaidi, kwani anayeteleza upande wenye kina hukutana na sakafu ya zege mita 2 chini yake.

Hatari ya pili ni mbu. Maji yaliyotuama karibu na makazi ni kitalu cha mbu, wakiwemo wale waenezao homa ya dengi, maradhi yaliyousumbua mji wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Bwawa moja lililoachwa huudhi mtaa mzima, si nyumba ile peke yake.

Kwa hiyo familia inayoamua kulifukia bwawa lake, kwa hakika imeamua jema. Lakini hapa ndipo ulipo msiba ambao tungependa kuuzungumzia kwa kirefu. Jema hili hufanywa kwa haraka. Huitwa lori, humwagwa kifusi hadi ukingoni, hutandikwa nyasi juu, na baada ya wiki mbili uani panapendeza. Fundi hulipwa, wageni husifu. Kisha mvua za masika huja, na ardhi huanza kusema yaliyozikwa.

Nyasi husema kilicho chini

Bwawa la kuogelea limejengwa kwa kusudi moja: lisivujishe maji. Sakafu yake ni zege lenye nondo, kuta zake zimesilibwa ili tone lisipenye. Ukilijaza udongo bila kulitoboa, hujaliondoa bwawa, umelificha tu. Limebaki bakuli lile lile, ila sasa limejaa udongo badala ya maji. Mvua ikinyesha, maji hushuka, hukuta sakafu, hayana pa kwenda, nayo hupanda juu taratibu. Udongo hugeuka tope, mizizi hukosa hewa na kuoza, na katikati ya bustani hujitokeza doa la manjano lenye harufu ya kinamasi. Aliyekusudia kuondoa maji yaliyotuama amejikuta nayo chini ya miguu yake.

Wakati wa kiangazi huja dalili ya pili. Kuta za bwawa zikiachwa mpaka karibu na uso wa ardhi, zikafunikwa kwa udongo wa unene wa kiganja tu, nyasi zilizo juu ya kuta hizo hukauka kabla ya nyingine zote. Mistari minne iliyonyooka huonekana, na umbo la bwawa lote huchoreka upya juu ya uwanja kama kovu.

Dalili ya tatu ni kubonyea. Udongo uliomwagwa kwa mara moja bila kushindiliwa huendelea kushuka kwa miaka. Palipokuwa sawa huwa bonde, na palipofukiwa magogo, matawi, magunia na takataka hufunguka mashimo pindi vitu hivyo vinapooza. Bibi mzee anayepita asubuhi kwenda kuanika nguo hutumbukiza mguu mahali alipodhani ni ardhi imara.

Yote haya husababishwa na kazi isiyoonekana. Nyasi huonekana, kazi ya chini haionekani. Ndiyo maana tunasema kuwa chini ya nyasi kuna amana: fundi ameaminiwa kwa kitu ambacho mwenye nyumba hatakiona tena, na mwenye nyumba ameaminiwa na watoto wake, na jirani zake, na yule atakayeinunua nyumba hiyo baada yake.

Kazi ya chini, hatua kwa hatua

Kwanza, chagueni majira. Kwa sisi wa pwani, mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Kazi ya kubomoa na kufukia ifanyike baina ya Juni na Septemba, ardhi ikiwa kavu. Jambo hili si la kurahisisha kazi tu. Katika maeneo ya chini yaliyo karibu na bahari, maji ya ardhini hupanda sana wakati wa masika, na bwawa lililokaushwa wakati huo laweza kuinuliwa na maji yaliyo chini yake, likapasuka na kujitokeza kama mtumbwi. Kabla ya yote, ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri kama kibali kinahitajika, na wapi mnaruhusiwa kupeleka kifusi cha zege. Kifusi kinachotupwa usiku kwenye mtaro au kando ya mto Msimbazi hurudi kwa wengine kwa sura ya mafuriko.

Pili, ondoeni maji kwa adabu. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.5 lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Maji hayo yakifunguliwa kwa siku moja huingia kwa jirani, hubomoa ukuta wake na hujaza shimo lake la maji taka. Yatoeni kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kama yametiwa klorini, acheni kuongeza dawa kwa wiki 1 au 2 ili jua liipunguze nguvu, ndipo yamwagiwe miti. Maji ya bwawa la chumvi msiyamwagie mmea wowote.

Tatu, aitwe fundi umeme kabla ya fundi wa nyundo. Taa za ndani ya bwawa na pampu zina nyaya zilizopita chini ya ardhi. Zikatwe kutoka kwenye chanzo, zitolewe, na mabomba yote yazibwe. Waya hai uliofukiwa humngojea yule atakayekuja na jembe.

Nne, na hii ndiyo hatua iliyo roho ya kazi yote, sakafu itobolewe. Mwenye uwezo na avunje zege lote na kulitoa. Hiyo ndiyo njia bora, na ardhi hurudi kuwa ardhi. Asiye na uwezo huo na atoboe sakafu mahali pengi, matundu yenye upana wa mita 1 hivi, hasa upande wenye kina, kisha avunje kuta zote kushuka chini angalau sentimita 60 kutoka usawa wa ardhi. Sentimita 90 ni bora zaidi. Nondo zinazochomoza zikatwe. Matundu yakishatobolewa, mwageni maji ndani na mngojee. Yakiisha kwa siku moja, kazi ni njema. Yakibaki, ama matundu hayatoshi, ama maji ya ardhini yapo juu. Katika hali hiyo ya pili hapana budi kuchimba mtaro mwembamba, kuujaza kokoto, na kuyaongoza maji mahali pengine ndani ya kiwanja chenu wenyewe.

Tano ni kujaza. Vipande vya zege safi vilivyovunjwa hapo hapo vyaweza kutandazwa chini kabisa, vikubwa kwanza, vidogo juu yake, kisha kokoto, kisha mchanga mnene, ili udongo wa juu usichujike na kupotea katika nafasi za mawe. Mbao, mizizi, plastiki, makopo ya rangi na mabaki ya jikoni visiingie kamwe. Juu yake uje udongo wa kujazia, kwa matabaka ya sentimita 20 hadi 30, na kila tabaka lishindiliwe kwa mashine kabla ya lingine kuwekwa. Udongo uwe na unyevu wa kadiri: ukiufinyanga kiganjani ugande, lakini usitoe maji.

Hapa hesabu ni muhimu, kwa sababu ndipo familia nyingi huishiwa fedha na kukubali mkato. Shimo la mita za ujazo 48 halijazwi kwa mita 48 za udongo. Udongo uliolegea hupungua unaposhindiliwa, basi ongezeni takriban robo: jumla mita 60. Kama lori hubeba mita 5, hizo ni safari 12. Mawe ya kuta zilizovunjwa yatapunguza safari kadhaa. Ulizeni bei ya safari moja, zidisheni, kisha ongezeni ujira wa kuvunja na wa kushindilia. Kama fedha hazitoshi, ni bora kulizungushia bwawa uzio imara wenye mlango unaofungwa, kulitunza lisizae mbu, na kungoja mwaka ujao, kuliko kulifukia nusu nusu.

Sita, andikianeni na fundi, na malipo yawe kwa hatua. Hatua ya kwanza ilipwe mkisha kuyaona matundu kwa macho yenu na kuyapiga picha. Ya pili kuta zikishakatwa. Ya tatu tabaka la mwisho likishashindiliwa. Hakuna kinachofunikwa kabla ya kuonekana. Utaratibu huo si dharau kwa fundi. Unamhifadhi yeye pia, asije akasingiziwa baadaye. Na hatua ikitimia, alipwe siku ile ile. Dini yetu imetuhimiza tusimcheleweshee mtenda kazi ujira wake.

Subira ya msimu mmoja

Baada ya kushindiliwa, ardhi bado itashuka kidogo. Tunawanasihi wasomaji wasitandike nyasi mara moja. Uacheni uso uinuke kidogo katikati, na mteremko uelekee mbali na nyumba, sentimita 2 kwa kila mita. Kisha pandeni kunde, au marejea, wakati wa vuli. Mimea hii ya jamii ya mikunde hurutubisha udongo, hufunika vumbi, na kunde huwapa mboga kwa mchuzi wa jioni. Mvua za vuli zitafanya kazi ambayo mashine haikuimaliza. Mwezi Januari au Februari mtaona palipobonyea. Pajazeni, pasawazisheni, na masika ikikaribia mtakuwa tayari.

Sentimita 30 za juu ziwe udongo wenye rutuba, usioshindiliwa kwa mashine. Na hapa kuna adui ambaye familia nyingi humnunua kwa fedha zao: ndago. Magugu haya yenye vijikunazi chini ya ardhi huja ndani ya udongo wa lori na ndani ya mbolea mbichi, na yakishaingia uani, kuyang'oa ni kazi ya miaka. Kabla ya kununua udongo, ombeni ndoo moja, imwagilieni maji na kuiweka juani kwa wiki 2. Kitakachoota ndani ya ndoo ndicho kitakachoota uani kwenu. Samadi nayo iwe iliyooza vizuri, isiyo na joto wala harufu kali. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu.

Nyasi gani?

Kwa uwanja wa pwani wenye jua la kutwa, ukoka wa kawaida hauna mpinzani. Hustahimili ukame, hukanyagwa na watoto bila kufa, na hutambaa haraka kufunika ardhi. Udhaifu wake ni kivuli. Chini ya mwembe hudhoofika. Palipo na kivuli cha ukuta au miti, zifaazo zaidi ni zile nyasi za majani mapana zijulikanazo kama nyasi za Pemba, ambazo pia huvumilia hewa ya chumvi. Ama nyasi za Kikuyu, ambazo jamaa zetu wa Nairobi, Arusha na Lushoto wanajivunia, hizo ni za nyanda za baridi. Msizisafirishe hadi joto la Dar es Salaam au Tanga mkitegemea ziwe vile vile.

Hakuna haja ya kununua mapande yaliyokwisha kuota. Mashina ya ukoka yenye mizizi, yakipandwa kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 10 hadi 15, hufunika uwanja kwa miezi 2 au 3. Hiyo ni kazi ambayo watoto wa nyumba nzima waweza kuifanya asubuhi moja ya likizo, na watakuwa wa mwisho kuikanyaga kwa sababu wanajua jasho lake. Wiki za kwanza maji yawe kidogo kidogo kila siku. Nyasi zikishika, mwagilieni kwa nadra lakini kwa wingi, asubuhi mapema, ili mizizi ishuke chini. Mnapofyeka, msikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja.

Ziko familia zinazotandika matofali au nyasi bandia uani pote ili kuepuka kufyeka. Hatukatazi, lakini wajue kuwa joto litaongezeka ndani ya nyumba, na mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi itatafuta njia ya kwenda kwa jirani.

Miti, sitara na kivuli

Kabla ya kupanda chochote, kaeni kama familia na mgawane nafasi. Kamba ya nguo iwe wapi? Watoto wachezee wapi ili mama awaone kwa dirisha la jikoni? Ni wapi patakapotandikwa jamvi kwa futari ya Ramadhani, na kwa swala ya jamaa nyumbani? Uani ni mahali pa sitara. Ukuta ulio mfupi hauhitaji kuongezwa matofali kila mara, kwani safu ya vichaka vinavyokua kwa pamoja huwasitiri akina mama na kupoza upepo.

Miti isipandwe juu ya bwawa la zamani, isipokuwa kama zege lote limetolewa. Mizizi ikikuta sakafu hujikunja, na mti mrefu usio na mizizi mirefu huangushwa na upepo wa kusi. Pandeni nje ya mipaka ya bwawa: mpera, mstafeli, mdimu, mkomamanga. Mwembe na mfenesi vikae mbali na msingi wa nyumba na mashimo ya maji taka. Juu ya eneo lililofukiwa yatosha nyasi, maua na vichaka vyenye mizizi mifupi. Na karibu na madirisha ya vyumba vya kulala msisahau mimea ambayo nyumba za pwani zimejulikana kwayo: asumini, mrehani, hina. Nyumba inayonukia jioni huwapunguzia wenyewe hamu ya kutoka.

Maji ni neema inayopungua. Maji ya udhu ya nyumba yenye watu 6 hayana sabuni wala mafuta, na sehemu kubwa humwagika bure mara 5 kwa siku. Bomba dogo kutoka mahali pa kutilia udhu hadi kwenye mdimu na asumini huyapa matumizi ya pili. Lakini hilo lisiwe sababu ya kufungulia mfereji. Tumekatazwa israfu hata katika udhu wenyewe.

Anayekuja baada yenu

Linabaki jambo la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Ardhi iliyofukiwa bwawa haifai kubebeshwa nyumba mpaka mhandisi aipime. Chumba cha mpangaji, banda la gari, hata tangi la lita 5,000, ambalo likijaa lina uzito wa tani 5, visiwekwe hapo kwa kukisia. Nyinyi mnaojua mtajihadhari. Lakini baada ya miaka 15, nyasi zikiwa nene na aliyefukia akiwa ametangulia mbele ya haki, nani atajua?

Kwa hiyo chukueni karatasi. Chora kiwanja, onesha bwawa lilikuwa wapi, lilikuwa na ukubwa gani, sakafu ilitobolewa au ilitolewa, kuta zilikatwa kwa kina gani, na nyaya zilikomea wapi. Ambatanisheni na picha, na mhifadhi pamoja na hati ya nyumba. Siku ya mirathi, warithi wataikuta. Asije ndugu mmoja akagawiwa upande ule wa kiwanja kwa thamani kamili, akajenga, na ukuta ukapasuka. Hapo hugombana watu wa tumbo moja kwa sababu ya shimo ambalo mzazi wao aliliona jepesi kulisahau.

Na siku ya kuuza, mnunuzi aambiwe. Dalali atasema kuwa mkisema bei itashuka. Kweli, yawezekana ikashuka. Lakini tumesimuliwa habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka lililokuwa kavu kwa juu, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye nafaka alitaja mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Nyasi za kijani juu ya bwawa lisilotobolewa zina tofauti gani na lundo lile? Juu pakavu, ndani pana maji. Anayeuza bila kusema ameuza lundo.

Aliyetoboa sakafu, akashindilia tabaka kwa tabaka na kuweka karatasi yake, hana cha kuficha. Ataeleza kwa ulimi mwepesi, ataonesha picha, na mnunuzi mwenye busara ataiamini zaidi nyumba nzima kwa sababu ya ukweli wa uani.

Tumefundishwa pia kuwa Mwislamu hapandi mti wala hasii mmea, kisha akala katika huo mtu, ndege au mnyama, isipokuwa huandikiwa sadaka. Basi mpera uliopandwa kando ya lile lililokuwa bwawa utawafaa watoto wa jirani wanaoruka ukuta, utawafaa kunguru na popo, na utamfaa aliyeupanda akiwa hayupo. Lakini mti husimama juu ya ardhi, na ardhi hiyo tumeijaza sisi. Ifanyeni vizuri sehemu isiyoonekana na watu, kwani yuko Anayeiona.

Wabillahi tawfiq.